Maneno Madogo Yanayochosha Nyumba



Mwezi huu tuliweke kando suala la pesa na lile la wakwe, tuzungumze juu ya maneno. Sisemi juu ya matusi. Anayemtukana mke wake au mume wake mbele ya watoto hahitaji katekista wa kumwambia kwamba amekosa. Hata serikali inajua: sheria ya Kenya ya mwaka 2015 ya kuwalinda watu na dhuluma za nyumbani imeyataja maneno ya kudhalilisha pamoja na kipigo. Nataka tuyaangalie maneno ambayo si matusi. Huwezi kumpeleka mtu mbele ya wazee wa kanisa kwa sababu yake, maana wazee watacheka. Lakini yakirudiwa asubuhi na jioni kwa miaka kumi, yanakuwa kama kijiwe katika maharagwe. Sufuria nzima ni nzuri, na bado kila mtu anakula kwa wasiwasi.

Katika mafundisho ya ndoa huwa nawapa watu karatasi, kila mmoja aandike neno moja la mwenzake ambalo hapendi kulisikia. Jina lake asiandike. Mara ya kwanza nilidhani nitasoma mambo mazito. Karatasi zilipokusanywa, nyingi zilikuwa na maneno kama haya: "kwani", "sawa tu", "nimesikia", "kwenu", "si nilikwambia". Tangu hapo kila darasa huleta karibu orodha ile ile.

Sehemu ya shida inatoka kwa jinsi tulivyopata Kiswahili. Sisi wa Malakisi tumezaliwa katika Lubukusu, wengine katika Kiteso au Kisabaot, na ng'ambo ya mpaka kule Lwakhakha kuna ndugu zetu wa Uganda. Ndoa za kuchanganya ni nyingi, na hapo Kiswahili ndicho lugha ya jikoni na ya chumbani. Lakini Kiswahili hicho hatukukinyonya kwa mama. Tulikiokota shuleni, kanisani, na zaidi sokoni. Lugha ya soko ni "leta", "toa", "ngapi", "ondoka". Inafaa sana kwa kuuza vitunguu. Mtu akiingia nayo nyumbani, mwenzake husikia kama anauziwa kitu.

KWANI, ATI NA SI

Katika vitabu "kwani" maana yake ni "kwa sababu". Sikuja kwani nilikuwa mgonjwa. Hapo halina ubaya wowote. Lakini likitangulia swali, linageuka. Mume anatoka shambani saa saba na njaa yake, anauliza, "Kwani chakula hakijaiva?" Yeye anadhani ameuliza habari za chakula. Mke amesikia habari nyingine: kwamba ameketi tangu asubuhi, kwamba mtu wa maana angekuwa amemaliza. Basi jibu halitahusu chakula. "Kwani mimi nina mikono mingapi?" Tazameni, kwani imezaa kwani, na bado hatujui kama ugali umeiva. "Chakula kiko tayari?" lingekuwa swali fupi zaidi.

"Ati" ni ndugu yake. Tunalitumia tukisema maneno ya mtu mwingine ambayo hatuyaamini. Mke akisema, "Ati ulikuwa kwa mkutano wa chama," kesi imekwisha amuliwa kabla mshtakiwa hajafungua mdomo. Na "si" ya mbele ya sentensi ni ya kumfunga mtu kamba: "Si nilikwambia?" "Si unajua nimechoka?" Swali kama hilo lina majibu mawili tu, kuinamisha kichwa au kupigana.

Sisi Wakatoliki tunacho kitabu cha Tobiti katika Biblia yetu, na sijui kwa nini hatukisomi zaidi kwa watu wenye ndoa. Watu hukumbuka malaika Rafaeli na yule samaki. Mimi napenda sura ya pili, ile ya mbuzi. Tobiti amekuwa kipofu. Mke wake Anna ndiye anayetafuta riziki, anafuma nguo kwa watu. Siku moja matajiri wake wanamlipa mshahara na juu yake wanamwongezea mwanambuzi. Mbuzi anafika nyumbani, analia. Tobiti anauliza huyu ametoka wapi, asije akawa ni wa wizi, arudishwe kwa wenyewe. Anna anaeleza kwamba amepewa kama zawadi. Tobiti hasadiki. Anang'ang'ania arudishwe, na uso unambadilika kwa aibu ya kitu ambacho mke wake hakukifanya.

Fikirini mama huyo. Ametoka kazini, amechoka, pengine njiani alikuwa akifikiri jinsi mzee atakavyofurahi kusikia kuna nyama. Badala ya "asante" amepata "ati". Naye anajibu kwa kisu. Anamwuliza ziko wapi sadaka zake na matendo yake mema, sasa kila mtu anaona yamemfikisha wapi. Yaani anampiga mahali pale pale ambapo kipofu huyo alikuwa amebaki na heshima yake. Sura inayofuata inaanza na Tobiti analia na kumwomba Mungu amtoe duniani. Vita, ukoo mbaya, upofu, hayo yote alikuwa ameyavumilia. Ni mbuzi aliyemshinda, au tuseme maneno juu ya mbuzi.

Lakini msiishie hapo. Katika sura ya tano mtoto wao anasafiri, Anna analia, na mzee yule yule anamtuliza kwa upole, anamwita dada yake. Hatusomi kwamba waliitisha mkutano wa ukoo kumaliza habari ya mbuzi. Ila namna ya kuzungumza ilibadilika.

WEWE KILA SIKU

Hapa nitakuwa mwalimu wa sarufi kidogo. Ukisema "umechelewa", ile "u" ya mwanzo tayari ni yeye. Kiswahili hakihitaji zaidi. Ukiongeza "wewe" mbele yake, "Wewe umechelewa", umenyoosha kidole. Ukiongeza tena "kila siku", sasa humwambii habari za leo, unahukumu maisha yake yote.

Kule Marekani katika mji wa Seattle kuna mtaalamu wa saikolojia, John Gottman, ambaye kwa miaka mingi amewatazama mume na mke wakibishana, akaandika yote, kisha akawafuata baada ya miaka kuona ni nani bado wako pamoja. Anatofautisha kulalamika juu ya tendo na kumshambulia mtu. "Leo ulichelewa, tulikungoja" ni la kwanza. "Wewe kila siku unachelewa, hujali" ni la pili. Katika yote aliyoyaona, dharau ndiyo iliyobomoa ndoa zaidi. Aligundua pia kwamba ndoa zinazodumu hazikosi ugomvi, lakini hata katikati ya ugomvi zina karibu mambo matano mazuri kwa kila baya moja: kicheko, kukubali kwamba mwenzako ana neno, kumshika mkono. Mimi sina mitambo yake, lakini jambo moja nimeliona mwenyewe. Mume aliyechelewa mara tatu kwa mwezi akisikia "kila siku", hatatubu zile siku tatu. Atatetea zile ishirini na saba.

"POLE" SI "NISAMEHE"

Hili ndilo lililonifanya niandike mwezi huu, kwa hiyo mnivumilie nikae hapa kwa muda.

Bwana ametumia karo ya mtoto bila kumwambia mke. Mtoto amerudishwa kutoka shuleni na sanduku lake kichwani. Jambo limejulikana, bwana ameketi kitini, amenyamaza, hatimaye anasema, "Pole, mama." Mke ananyamaza. Bwana anadhani yamekwisha. Hayajakwisha hata kidogo, na baadaye akiona mke bado amekasirika atasema, "Lakini nilisema pole!"

Ndiyo, alisema. Lakini "pole" ni la nini? Pole na kazi. Pole na safari. Pole kwa msiba. Tunampa pole mtu aliyenyeshewa, aliyejikwaa, aliyeugua. Naweza kumpa pole mtu nisiyemjua kabisa, niliyekutana naye kwenye matatu akiwa amefungwa bandeji mkono, na huo ndio uzuri wake. Waingereza hawana neno moja linalofanya kazi hiyo sawasawa. Wao neno lao "sorry" linabeba mawili, huruma na kuomba msamaha, na nadhani ndipo tulipopotea. Tulifundishwa shuleni kwamba "sorry" ni pole, basi kila mahali Mwingereza angesema hivyo sisi tunaweka pole. Hata ile "sori" ya vijana wetu ni hiyo hiyo.

Mtu wa pwani akipewa pole hujibu, "Nimeshapoa." Yaani maumivu yametulia. Pole huenda kwa kidonda. Haisemi ni nani aliyekata. Kwa hiyo yule bwana aliyekula karo, anaposema pole, amesimama kando ya mke wake kama jirani mwema anayetazama hasara iliyoletwa na mvua ya mawe. Mke anajua wazi kwamba mvua ya mawe ni yeye.

"Nisamehe" ni neno lingine kabisa, na "samahani" limetoka hapo hapo. Linasema kuna deni, na mwenye deni ni mimi. Linampa mwenzangu uwezo ambao pole haimpi, uwezo wa kusema, "Nimekusamehe." Nyumba inayosema pole peke yake, madeni yake hayafutwi, yanalala tu. Ndiyo sababu mtagombana leo juu ya sabuni na mke atatoa jambo la mwaka 2009, pamoja na tarehe na nguo uliyokuwa umevaa. Wewe utashangaa, "Hayo si tulimaliza?" Hamkumaliza. Hakuna aliyeomba msamaha, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuutoa.

Hebu fikirieni mtu amepiga magoti kwa Padri katika kitubio, amewaza dhambi zake zote, halafu anamwambia Mungu, "Pole." Tungecheka. Kanisani tunajua tofauti. Tukitoka nje ya mlango tunaisahau.

Najua kwa nini wanaume tunapenda pole. Inatoka mdomoni bila kupiga magoti. Mzee mmoja wa jumuiya yetu aliniambia kwamba kumwambia mke "nisamehe" ni kumpa kamba akufunge. Nikamwuliza, katika miaka thelathini ya ndoa amesema pole mara ngapi. Akasema nyingi. Nikamwuliza, na je, amefungwa au hajafungwa? Akacheka sana, hakujibu.

Kuna pia nisamehe ya bandia. "Basi nisamehe!" kwa sauti ya kumfukuza mbwa. "Kama nimekukosea, nisamehe," na hiyo "kama" inarudisha deni kwa aliyekosewa, atoe ushahidi. "Samahani, lakini wewe pia..." na hapo "lakini" imekula samahani yote.

Na jambo la kusikitisha ni hili, kwamba pole yenyewe tumeiondoa mahali pake. Mama anapanda kutoka mtoni na mtungi wa lita ishirini, anapita mbele ya mume aliyekaa chini ya mwembe, na hakuna wa kumwambia "pole na kazi". Mume anafika kutoka Kitale usiku, amesimama njia nzima, anapokewa na "umeleta nini?" Pole inafaa hapo. Haigharimu hata shilingi.

SAWA TU

Akina mama msidhani nimewasahau.

"Una nini?" "Hakuna." "Niuze huyu ndama tulipe karo?" "Sawa." Ndama anauzwa, na kwa wiki mbili nyumba ni baridi, chai inawekwa mezani bila neno. Mume anatafuta kosa lake na halioni, maana aliambiwa sawa. "Sawa" ya namna hiyo, na hasa "sawa tu", ni hapana iliyovaa nguo ya ndiyo.

Nitasema haki: mara nyingi mke amejifunza sawa kwa sababu hapana yake ilipokelewa kwa kelele. Mume anayetaka kusikia ukweli lazima aweze kuambiwa hapana na kubaki ameketi. Hata hivyo mke naye anadaiwa neno. "Sipendi tuuze ndama, nilitaka awe ng'ombe wa maziwa, tuuze mahindi kwanza." Hilo mume anaweza kulijibu.

Wanawake wa pwani walipata njia yao. Leso zina maandishi chini, wanayaita jina la kanga, na mwanamke akiwa na la kumwambia mume au jirani anaweza kuchagua leso yenye maneno yanayofaa, akajifunga, akapita. Asiyetaka kusoma ni shauri yake. Huku kwetu leso tunachagua kwa rangi, na nimewahi kuona mama mcha Mungu akija misa ya Jumapili na maneno makali mgongoni ya kumsimanga adui asiyekuwa naye. Lakini leso ya pwani angalau inasomeka. Sawa tu ni leso isiyoandikwa kitu, na mume anapigwa kwa kushindwa kuisoma.

Wanaume nao wana yao ya kufunga mlango. "Nimesikia." "Tutaona." Na ile ya kidini, ambayo kwangu ni mbaya kuliko zote, "Mungu akipenda". Mke anauliza paa lile linalovuja litatengenezwa lini. "Mungu akipenda." Mtume Yakobo katika sura ya nne ya barua yake alikuwa akiwakemea wafanyabiashara wenye majivuno waliopanga faida ya mwaka mzima kana kwamba kesho ni mali yao. Hakuwapa watu njia ya kukwepa mabati. Kama pesa hakuna, sema hakuna: "Mahindi bado yako shambani, tungoje tuvune, tutaona mabati mangapi." Hilo ni jibu, na Mungu yumo ndani yake.

WANGU, WAKO, KWENU

Mtoto akipita mtihani ni "kijana wangu". Akianguka ni "mtoto wako". Wengi wetu tunalifanya hili bila kujua, baba na mama sawa. Ni desturi ya zamani. Pale bustanini Adamu alipoulizwa juu ya tunda alisema juu ya mwanamke yule ambaye Mungu alimpa, akawashitaki wawili kwa sentensi moja. Katika Luka 15 yule kaka mkubwa hakubali kusema "ndugu yangu", anamwambia baba "huyu mwana wako". Baba anamjibu taratibu kwa kumrudishia neno: huyu ndugu yako. Na katika Kutoka 32, wakati wa ndama wa dhahabu, Mungu anamwambia Musa kwamba watu wake Musa wameharibika, naye Musa katika sala yake anasema ni watu wako, ee Bwana. Nikifundisha hapo watu huwa wanacheka, maana kila mmoja amesikia mazungumzo kama hayo nyumbani kwake. Lakini angalieni Musa anafanya nini. Hawatupi. Anawaombea, na anapopewa nafasi ya kuanzishiwa taifa lake mwenyewe, anakataa.

"Kwenu" ni la jamii hiyo. "Kwenu ndivyo mnavyopika?" Neno hilo linamkumbusha mke, baada ya miaka ishirini na watoto sita, kwamba bado ni mgeni. Na "nilikulipia ng'ombe" linamkumbusha kwamba ni mgeni aliyenunuliwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inasema kwamba pale mila inapodai mahari, hata kiasi kidogo cha kuonyesha tu kinatosha kuthibitisha ndoa ya kimila. Mahari huonyesha kwamba koo mbili zimepatana. Hakuna mahali panaposema unapewa risiti. Kwa pumzi hiyo hiyo niwaombe wanaoongoza sherehe za harusi wapunguze ule mzaha wa bwana harusi "kupata jiko". Najua ni msemo wa Kiswahili wa siku nyingi. Bibi harusi amesikia tayari, na amesikia jiko.

Jingine ni kuitwa mama fulani na baba fulani. Ni heshima kwetu na mimi naipenda. Lakini kuna nyumba ambazo Mungu hajazijalia watoto, na mgeni akisalimu anauliza, "Mama nani?" au "Bado tu?" Neno "bado" likiulizwa kila Jumapili nje ya kanisa linatoboa. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1084, inasema wazi kwamba utasa hauzuii ndoa wala hauibatilishi. Ndoa yao ni kamili kama yako. Waiteni kwa majina yao ya ubatizo, na ninyi wenyewe mlio na watoto, mara moja moja mwite mwenzako kwa jina ulilomwita wakati wa uchumba. Wengine wameshalisahau.

"MIMI NDIYE KICHWA"

Sitakaa sana hapa kwa sababu mapadri wamelisema mara nyingi. Ila neno hili nimelisikia katika karibu kila ugomvi niliopatanisha, na kila mara linasemwa na mtu aliyesoma mstari mmoja. Waefeso sura ya tano, mstari wa 23, ndipo penye kichwa. Ukirudi nyuma mistari miwili, wa 21 unawaambia wote wawili wanyenyekeane. Ukienda mbele miwili, wa 25 unamwambia mume apende kama Kristo alivyolipenda Kanisa akajitoa kwa ajili yake. Kichwa cha namna hiyo kilivaa miiba. Anayetaka kukitaja mezani wakati wa kugawa nyama, akitaje pia wakati wa kuamka usiku kwa mtoto mgonjwa. Na kwa wale wanaopenda kusikia serikali inasemaje, Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 45, inawapa mume na mke haki sawa wakati wa kufunga ndoa na wakati wote wa ndoa.

HODI NYUMBANI KWAKO

Mwaka 2016 Baba Mtakatifu Fransisko, aliyefariki mwaka 2025, aliandika wosia wa kitume juu ya upendo katika familia uitwao Amoris Laetitia. Humo, kama alivyokuwa amewahubiri watu mara nyingi, alitaja maneno matatu ambayo nyumba haiwezi kuishi bila hayo: la kuomba ruhusa, la kushukuru, na la kuomba radhi. Mawili ya mwisho tunayo. Lile la kwanza watu hulitafsiri "tafadhali", nami naona halitoshi. Kwa Kiitaliano ni "permesso", na Waitaliano husema hivyo wanapoingia nyumba ya mtu. Basi sisi tunalo tayari: ni "hodi".

Hodi hatuwapigii watu wa nyumba yetu, tunawapigia majirani. Lakini mwenzako ana mahali pake pa ndani. Kuna simu yake, mkoba wake, uchovu wake, kilio cha mama yake aliyefariki. Mtu anayeingia huko kwa mabuti anaweza kuwa mume halali na bado akawa mwizi. Katika usemi hodi ni kitu kidogo sana. Watanzania wakija huku hushangaa tunavyosema "leta chai". Wao husema "naomba chai", hata kwa mtu wanayemlipa. "Naomba tuzungumze." "Una nafasi sasa au ungoje upumzike?" Chai ni ile ile, na anayeileta haileti kwa kuipiga mezani.

Wenye wenzao mbali, Nairobi au Eldoret, nawaambia neno moja tu. Tangu pesa zianze kutumwa kwa simu mwaka 2007 kuna ndoa ambazo zimebaki na maneno mawili, "tuma" na "nimetuma". Piga siku moja ambayo huna la kuomba.

ZOEZI LA MWEZI HUU

Fanyeni jioni watoto wakishalala, redio ikiwa imezimwa.

Kila mmoja aandike kwenye karatasi neno moja la mwenzake linalomchosha, na moja ambalo angependa kulisikia zaidi. Badilishaneni karatasi. Anayesoma haruhusiwi kujitetea usiku huo. Aulize tu: "Nikilisema, wewe husikia nini?" Kisha asikilize mpaka mwisho.

Someni pamoja Tobiti 2:11 mpaka 3:6, mume asome maneno ya Tobiti na mke ya Anna, halafu mbadilishane, mke awe Tobiti. Ni sentensi gani moja ambayo kama isingesemwa, mbuzi angeliwa kwa amani? Msikubaliane upesi.

Je, kuna jambo ambalo katika nyumba yenu liliambiwa pole na lilistahili nisamehe? Kama lipo, lisemeni tena kwa neno lake. Anayeombwa asijibu "sawa tu".

Wanaotaka kuniletea majibu yao baada ya ibada wanakaribishwa, hata bila majina.